Miche Sitini na Nne

Tulipotoka makaburini tulirudi nyumbani kwa marehemu Mama Naomi, pale Mandewa, kunawa mikono na kula, na sahani yangu haijafika nusu nikasikia sauti kutoka viti vya nyuma: "Soksi yupo? Soksi, hebu tupe ile ya majani ya samaki." Mtu akifa akiwa ameshiba siku zake, watu wakishamlilia hutaka kucheka kidogo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mpangaji wake kwa miaka mingi kuliko wapangaji wote, kicheko chao kilikuwa mikononi mwangu. Nikasimulia. Habari hiyo nimeisimulia harusini, kwenye kipaimara, stendi, na mara moja kwa askari wa barabarani aliyekuwa na haraka kuliko mimi. Nimejaribu kuhesabu ni mara ngapi, nikapata arobaini. Nikarudia, nikapata arobaini na mbili. Watu walicheka palepale wanapocheka siku zote. Naomi mwenyewe, macho yamevimba, alicheka mpaka akamshika jirani yake bega. Halafu, tulipokuwa tunakusanya sahani, akanisogelea na kuniambia taratibu, "Kaka Iddi, unajua mama alikuwa akisema hadi juzi kwamba yeye ndiye aliyekukosesha ile fremu ya duka." Nikasema Mungu amrehemu. Niliondoka kabla ya chai, jambo ambalo kwenye msiba wa mtu aliyenilisha miaka sita si la heshima. Nina siku ya tatu sasa, nimekaa nyuma ya kaunta ya duka langu, wateja wananisemesha mara mbili ndipo nijibu, kwa sababu habari ile ina kipande cha mwisho ambacho mara zote arobaini na mbili nimekikata na kukitia mfukoni.

Mwaka wenyewe nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na magoti ya mtu wa sitini. Nilikuwa nauza soksi na leso mkononi, stendi hadi sokoni, sokoni hadi maofisini, na kila Alhamisi nilikwenda mnadani, ambako mfugaji akishauza ng'ombe wake hununua hata kitu asichokivaa. Jina langu watu walishalisahau, nilikuwa Soksi. Sikuwa na ndoto kubwa. Nilitaka kukaa. Nilitaka mlango wangu, kiti nyuma ya mlango huo, na mteja atembee yeye. Leo ninapokaa kwenye kiti chenye mto, nilichokipata kwa njia nyingine na baada ya miaka mingi mingine ya kutembea, bado huwa naangalia nyayo za wanaopita na kujua nani anauza kwa mkono: hukanyaga kwa ukingo wa nje wa mguu, kama mtu anayeomba ardhi imwie radhi.

Mzee Shabani alikuwa anamalizia gesti yake karibu na barabara kubwa, na mbele aliacha fremu tatu za maduka. Mbili zilikuwa na wenyewe. Ya tatu, ile ndogo ya getini, ilikuwa haina mtu. Nilikwenda pale mwezi wa tatu kuwauzia mafundi soksi, na yeye akanionyesha simu yake kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. Ilikuwa picha ya tangi la kioo alilolikuta kwenye hoteli moja Dar es Salaam: maji kama hewa, samaki wadogo wekundu, na chini, kutoka kioo hadi kioo, majani mafupi ya kijani yaliyofunika mchanga wote kama zulia jipya la msikitini.

"Nataka hii pale mapokezi," akasema. "Mgeni akiingia, kabla hajauliza bei, aone hii. Lakini kila ninayemuuliza hapa Singida ananiambia haiwezekani."

"Hiyo?" nikasema. Sikuwa nimewahi kufuga hata kuku. "Mbona ndogo, mzee."

"Unajua kufuga samaki wewe?"

"Samaki si mbuzi, mzee wangu. Haendi mbali."

Akacheka, na mtu akicheka wakati wa bei ujue mlango uko wazi. Nikaomba ile fremu ya getini. Tukavutana pale kwenye vumbi la saruji: zulia likitimia, kioo hadi kioo, kabla hajafungua gesti mwezi wa kumi na mbili, nitakaa kwenye fremu mwaka mzima bila kodi. Nikasema miaka miwili. Akasema mmoja. Nikasema mmoja na nusu. Akasema mmoja na miezi mitatu, na jozi sita za soksi juu. Nikamshusha hadi jozi nne, nikazitoa palepale, tukashikana mikono. Nilitembea kurudi nyumbani nikijiona nimemla. Aliyeshuhudia mapatano yale ni fundi rangi aliyekuwa juu ya ngazi na muziki masikioni. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, mashahidi sikuwahesabu hata mara moja.

Fundi vioo alinitengenezea tangi lenye urefu wa mkono wangu, likavuja, akalirudia, likavuja kona ya pili, akasema kosa ni la maji. Lilipokaa sawa nikagundua kwamba chumba changu kina balbu moja na hakina soketi, na taa ya tangi na kile kipampu cha hewa vinataka umeme kutwa. Soketi ilikuwa sebuleni kwa mama mwenye nyumba. Sebule ile niliijua vizuri kwa sababu ndiko nilikokuwa nalishwa: makochi yenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita iliyobakizwa kwa ajili ya picha yake, na kabati la vyombo ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kulia. Mama Naomi alikuwa mjane, binti yake kaolewa Itigi, na wapangaji wake wanne alituhesabu kama watu waliotumwa kwake ili washibe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho kioo cha nini? Umenunua dirisha?"

"Ni cha samaki, mama. Nilikuwa naomba kukiweka hapa kwako, kwenye soketi."

"Samaki wa kula?"

"Wa kuangalia."

Aliniangalia mimi kwanza. Kisha akaondoa redio kwenye meza ndogo, akaondoa na kitambaa chake, akakikunja. Jioni, nikiwa chumbani kwangu, nilimsikia uani akiongea na jirani yake, Mama Zuhura. "Yule Iddi wangu anafuga samaki wa kuangalia." "Wa kuangalia?" "Na chini anapanda majani." "Majani? Ndani ya nyumba?" "Ndani ya nyumba." "Na nyoka je?" "Nimemwambia hivyohivyo. Anasema yatakuwa ndani ya maji." "Basi atakuwa nyoka wa maji." Msiwashangae. Kwetu uwanja wa mtu mwenye adabu ni udongo mtupu uliofagiliwa mpaka alama za ufagio zionekane kama zimechorwa. Jani likiota karibu na ukuta, jirani haulizi afya yako, anauliza jembe lako. Mama Naomi alikuwa akifagia uwanja ule asubuhi kabla ya kuku, na mimi nilikuwa namwomba alee majani mezani.

Majani yenyewe yalikuja kwa basi mwezi wa nne, ndani ya kikopo kilichofungwa kwa gazeti lililoloweshwa. Muuzaji alikuwa Dar es Salaam, sura yake sikuwahi kuiona, sauti yake nilikuwa naisikia kwenye simu: "Kaka, unagawanya kidogokidogo, unachomeka kwenye mchanga, yanatambaa yenyewe. Miezi mitatu unapata zulia, minne ukiwa mvivu." Yalikuwa membamba kama nywele za hindi bichi, urefu wa kidole cha mwisho. Nikaazima kibano cha nyusi kwa dada wa saluni, nikaanza kuchomeka kama nilivyoona kwenye video, kipande kimoja hapa, kingine kule. Mama Naomi akaweka chini ungo wake.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Napanda, mama."

"Hapo unamwaga. Kupanda ni mstari."

Alizaliwa upande wa Nduguti, kwenye vitunguu, na vidole vyake vilikuwa vimepandikiza miche mingi kuliko soksi zote nitakazouza mpaka nife. Akaleta uzi, akaulaza juu ya mchanga kutoka kioo hadi kioo, akakunja mkono wa gauni, akaniambia nimpe kile kibano, akakijaribu, akakirudisha, akatumia vidole. Nafasi kati ya mche na mche ilikuwa upana wa kidole gumba. Tulimaliza adhuhuri: mistari minane, kila mmoja miche minane. Nikahesabu kutokea upande wa dirisha, sitini na nne. Nikahesabu kutokea upande wa mlango, sitini na nne. "Sasa hata anayepita njia anajua hapa kuna mwenyewe," akasema. "Kilicho kwenye mstari ni mche. Kisicho kwenye mstari ni adui." Nikaitikia kwa kichwa. Mtu mzima akisema jambo la kilimo, na wewe hujui kilimo, unaitikia.

Kuanzia siku ile nilihesabu kila asubuhi kabla ya kutoka. Wiki ya kwanza sitini na nne. Mwezi wa kwanza sitini na nne. Hakuna uliokufa, na hilo nililichukulia kama sifa yangu. Mwezi wa pili sitini na nne. Miche ilikuwa imenenepa, imesimama, ina rangi nzuri, lakini haikutambaa hata unywele mmoja. Nikampigia muuzaji. Akasema maji yenu ya Singida ni magumu, yana chumvi ya ardhini. Alikuwa sahihi, birika la Mama Naomi lilikuwa na gamba jeupe ndani unaloweza kulibandua kwa kucha. Akasema tumia maji ya mvua. Mwezi wa sita, Singida, mtu ananiambia nitumie maji ya mvua. Nilizunguka Mandewa nzima nikitafuta nani bado ana maji ya bati kwenye tangi lake, nikapata ndoo mbili kwa mchungaji mmoja ambaye alitaka kujua kama ni za dawa.

Nikabadilisha mchanga. Nilichukua mwingine ufukweni mwa ziwa Singidani, ulikuwa mzuri, mweupe, wa bure. Muuzaji wa Dar hakujua, na mimi sikukumbuka, kwamba ziwa letu ni la magadi. Nilihamisha miche yote sitini na nne, mstari kwa mstari, na kufikia jioni samaki sita niliokuwa nimewatia mle walikuwa juu ya maji wakihema kama wanakwaya. Wanne wakafa. Nikarudisha mchanga wa zamani, nikarudisha miche, Mama Naomi akaja tena na uzi wake. Nikatafuta hewa ya kulisha majani, maana muuzaji alisema yanataka hewa ile inayotoka kwenye soda. Mtungi wake hapa haupatikani, kwa hiyo nikatia sukari na hamira kwenye chupa, nikaifunga kwa mpira wa dripu kutoka duka la dawa, ncha nyingine ndani ya tangi. Ilitoa viputo vizuri siku tatu. Siku ya nne ilifumuka na kusukumia povu lote kwa samaki, na sebule ya mama wa kanisa ikanuka kama kilabuni siku ya Jumapili. "Iddi," aliniambia akifungua madirisha, "kama ni pombe ya mtukuru unataka, sema tu, wauzaji wapo. Usiwatume samaki." Nikajaribu na samadi ya kuku, kijiko kimoja cha chai kilichosagwa, kwa sababu vitunguu vinaipenda. Maji yakawa ya kijani siku saba kiasi kwamba sikuweza kuhesabu chochote, na mmoja wa samaki wawili waliobaki alitoweka mle ndani bila kuaga.

Huko nje kila mtu alikuwa na maoni. Stendi walinisubiri. "Soksi, samaki wako anavaa namba ngapi?" "Soksi, zulia limefika wapi? Tuvue viatu?" Kondakta mmoja wa basi la Manyoni alikuwa akiniona tu anatandika mfuko wa sandarusi chini na kuusujudia kwa heshima. Nilicheka nao, kwa sababu mchuuzi asiyecheka anakufa njaa, lakini nikirudi jioni, magoti yakiwa yanalia, nilikaa sebuleni mbele ya kile kioo na kuhisi kwamba kinanicheka kwa adabu. Mama Naomi alikuwa akileta ugali wa uwele na mlenda, siku nzuri na dagaa waliokaangwa kwa mafuta ya alizeti, tunakula macho yakiwa kwenye maji. Taa ilikuwa inamulika mistari ile minane, mchanga katikati ukiwa safi, mweupe, kama uwanja wa nyumba hii hii. Yeye alikuwa anafurahi. "Lakini angalia shamba lilivyo safi," alikuwa akisema. "Mimi sijawahi kuona shamba safi hivi." Na mimi, mjanja wa stendi, mtu ninayejua kwa kushika tu kama soksi ina pamba au haina, niliangalia usafi ule miezi saba bila kujiuliza unatoka wapi.

Mwezi wa kumi na moja mvua ya kwanza ilikuja siku ya Alhamisi, ikakikuta kiwanja cha mnada kimejaa ng'ombe, na kufikia saa tatu palikuwa tope tupu. Watu wakatawanyika. Nilirudi nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo Alhamisi zote za mwaka ule sikuwahi kuwa pale. Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Mama Naomi alikuwa amepiga magoti juu ya kigoda, mkono wa gauni umekunjwa mpaka begani, mkono wote ndani ya tangi. Alikuwa anamsemesha yule samaki mmoja kwa Kinyiramba, taratibu, kama mtu anayemwomba mtoto asogee apite. Pembeni, juu ya sahani ya bati, palikuwa na rundo dogo la nyuzi nyeupe, kila uzi una kijani kidogo kwenye ncha, na mizizi kama unywele wa paka. Nilisogea nikaziangalia. Zilikuwa ni majani yangu yenyewe. Ndivyo yanavyotambaa: mche unatoa uzi chini ya mchanga, uzi unachomoza mbele kidogo, unakuwa mche mwingine. Nje ya mstari.

"Umerudi mapema, mwanangu," akasema bila kushtuka. "Ngoja nimalizie. Wiki hii yametoka kwa fujo, mvua yameisikia."

"Mama, unafanya nini?"

"Napalilia. Wewe unatembea kutwa, utapata wapi muda? Kila Alhamisi nakupalilia, tangu mwezi wa tano. Nilisema nisikwambie, usije ukajisikia vibaya."

Sehemu hii ndiyo watu wanapoanguka vitini. Nami huisimulia vizuri, naiga mkono ndani ya maji, naiga sauti. Nisichoiga ni nilichofanya baadaye, nacho nakiandika hapa. Nilimpigia kelele. Mama aliyenizidi miaka arobaini, ndani ya sebule yake, chini ya kalenda yake ya kanisa, nilimwita mharibifu. Nilimwambia amenizika. Nilimwambia fremu yangu iko kwenye hiyo sahani, aile. Alitoa mkono majini, akaufuta kwenye khanga, polepole, kila kidole peke yake, na Mama Zuhura uani aliacha kutwanga. Kwa siku tisa hatukula pamoja. Chakula nilikikuta mlangoni kwangu, kimefunikwa. Nilikuwa nimeapa nisikiguse, na kila jioni nilikigusa chote, kwa sababu hasira yangu haikuwa na uwezo wa kushindana na mlenda.

Majani, yakiachwa, yalifanya kama muuzaji alivyosema. Siku ya kumi na moja nilihesabu miche tisini na moja, nikarudia, nikapata tisini na tatu, maana mingine ilikuwa inachomoza nikiwa bado nahesabu. Mistari ikaanza kupotea. Lakini gesti ilikuwa imebakiza wiki mbili kufunguliwa, na zulia linataka miezi. Nilimwita Mzee Shabani aje aone mwenyewe. Aliinama mbele ya kioo, mikono nyuma, akaangalia zile sehemu zilizojaa na zile zilizobaki mchanga.

"Hizi ni ndevu za kijana wa kidato cha pili," akasema. "Mimi niliomba zulia."

"Mzee, nipe hadi mwezi wa pili. Umeona yanavyokwenda."

"Tulipatana mwezi wa kumi na mbili, kioo hadi kioo. Wewe ni mfanyabiashara, Soksi. Patano ni patano."

Nilimbembeleza hadi getini. Nilimpa mwezi wa kwanza mwishoni, nikampa katikati, nikampa jozi nyingine kumi. Alitikisa kichwa kwa huzuni iliyopangwa vizuri. Nyuma yangu nilijua Mama Naomi amesimama mlangoni na amesikia kila kitu, na nilifurahi kwamba amesikia.

Kesho yake baada ya saa sita nilikwenda gesti kujaribu tena. Mchuuzi hukubali hapana ya tatu, si ya kwanza. Nilipitia nyuma, upande wa jikoni, kwa sababu mbele walikuwa wanapaka vanishi. Dirisha la mapokezi lilikuwa wazi, na sauti niliyoisikia kwanza haikuwa ya mzee. Mama Naomi alikuwa mle ndani. Nilimwona kwa upande: kitenge chake cha Pasaka, viatu vya kufunga, mkoba umewekwa juu ya magoti. Alikuwa ametembea na viatu vile kutoka Mandewa.

"Kosa si lake," alikuwa anasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naingiza mkono. Yeye alipanda yakaota, mimi nikang'oa. Mpe miezi miwili, Mzee Shabani. Mimi nitakaa mbali, hata sebule nitamwachia yeye."

Mzee Shabani alikohoa. "Mama, wewe ni mtu mzima, acha nikwambie ukweli. Hata yale majani yangeota mpaka yakafika darini, fremu haipo. Funguo alishachukua shemeji yangu, tangu mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita?"

"Wa sita. Sasa ningemwambiaje, naye ndiyo anahangaika na ndoo zake za maji ya mvua? Nikaona labda majani yenyewe yatakataa, yaishe kwa amani."

Kisha Mama Naomi akauliza, "Na zile soksi ulipokea?"

"Soksi nilipokea. Ni nzuri, mama, sikudanganyi."

"Basi usimwambie," akasema. Alikuwa ameshasimama, anaweka mkoba begani. "Nakuomba usimwambie kabisa. Yule kijana anajiona mjanja, na hana kingine. Mimi nitamwambia ni mikono yangu."

Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta jina la nilichokisikia pale dirishani. Ingekuwa hasira kwa Mzee Shabani, ningeingia. Ingekuwa aibu kwa Mama Naomi, ningeingia pia, nimpokee mkoba. Nilichohesabu, na nilihesabu haraka, ni stendi. Kijana aliyeharibiwa kazi na mama mwenye nyumba aliyepalilia samaki, huyo ni mkasa, watu wanacheka na kumnunulia chai. Kijana aliyepeana mkono bila shahidi, akabeba maji miezi sita kwa ajili ya mlango uliokwisha kupata mwenyewe, huyo ni mjinga, na kwa mjinga hakuna anayenunua hata leso. Nilirudi nyuma kwa ncha za vidole, nikazunguka jengo, nikapita barabara ya juu, na nikajitokeza mbele yake karibu na kona ya Mandewa kama mtu anayetoka sokoni.

Alikuwa amevua viatu, amevishika mkononi. Tope lilikuwa limefika kwenye pindo la kitenge.

"Shikamoo mama. Unatoka wapi na joto hili?"

"Marahaba. Nilikwenda kwa mzee wako." Alivuta pumzi. "Amekataa, mwanangu. Nimemwomba sana. Amesema angekupa, angekupa kabisa, isingekuwa mikono yangu."

Aliusema uongo ule akinitazama machoni, mama ambaye siku zote alikuwa akirudisha hata chenji aliyozidishiwa sokoni. Nilikuwa na nafasi pale. Palikuwa na nafasi pana kabisa, mimi na yeye na barabara tupu. Halafu Mama Zuhura akatokea kwenye kona na ndoo yake kichwani, na mwanamke mwingine nyuma yake, na wote wawili wakapunguza mwendo kusikia.

"Basi mama," nikasema, kwa sauti ya kuwafikia. "Yameshapita. Mimi nimekusamehe."

Naye akainamisha kichwa, akanishukuru.